Je, chama kisichonipokea kinaweza kuitambua kazi yangu?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na sasa ni raia wa Marekani. Siku ya kuapishwa, kina mama wa Daughters of the American Revolution, yaani DAR, walitupokea kwa bendera ndogo za mkononi. Tangu hapo huwasaidia kuwapokea raia wapya. Je, naweza kujiunga, au angalau kazi yangu itambuliwe? Binti yangu hapendezwi. Anasema walimkataa mwimbaji mweusi.

JIBU: Dada mpendwa, kujiunga itakuwa vigumu. Chama hicho, kilichoundwa Washington mwaka 1890 baada ya chama cha wanaume waliotokana na wapigania uhuru wa Marekani kuwakatalia wanawake, humpokea mwanamke aliyetimiza miaka 18 anayethibitisha kwa hati, kizazi baada ya kizazi, kwamba ametokana na mtu aliyepigania au kusaidia uhuru wa Marekani. Hata hivyo, ikiwa baba wa binti yako ni Mmarekani, nasaba yake inafaa kuchunguzwa, maana maelfu ya watu weusi walipigana katika vita vya uhuru huo.

Kutambuliwa ni jambo jingine. DAR ina Nishani ya Umarekani, ambayo hutunukiwa watu wazima waliopata uraia kwa kuapishwa, wakaonyesha uaminifu, utumishi, uongozi na uzalendo. Hujiombei mwenyewe, tawi ndilo linalokupendekeza, na tawi haliwezi kupendekeza kazi ambayo haikuandikwa popote. Kwa hiyo weka daftari: tarehe, mahali, saa ulizotumika na kazi uliyoifanya, kisha msimamizi wa siku hiyo atie sahihi. Mweleze mwenyekiti wa tawi waziwazi kwamba ungependa kufikiriwa. Hilo si kujikweza, kwani wanachama wenyewe huripoti saa zao za kujitolea.

Binti yako anasema kweli, na usimnyamazishe. Mwaka 1939 DAR ilimnyima mwimbaji huyo, Marian Anderson, nafasi ya kuimba katika Constitution Hall, ukumbi wa chama hicho. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alijiuzulu uanachama, na tarehe 9 Aprili Anderson akaimba mbele ya Lincoln Memorial, jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln, umati wa watu wapatao 75,000 ukimsikiliza. Chama kimekwisha kuomba radhi, na mwaka 1977 kilimpokea Karen Batchelor, mwanamke mweusi aliyethibitisha nasaba yake kwa hati. Msimulie yote mawili, kisha mwachie aamue mwenyewe kama atafuatana nawe siku ya kiapo ijayo.