Jibu: Kuandikia umma kutaniharibia falsafa ya sayansi?

Salamu mkuu. Unafanya falsafa ya sayansi, na unahofia kwamba kuandikia watu wa kawaida kutakuchafulia jina chuoni. Kabla ya hilo, jikague: kuna sayansi hata moja unayoijua kwa undani? Bila hiyo utaelea tu, kwenye jarida la kitaaluma na redioni vilevile.

Thomas Kuhn, mwanafalsafa wa sayansi, alikuwa na uzamivu wa fizikia wa Harvard (1949), na wazo lake kwamba sayansi hubadilika kwa mapinduzi ya mtazamo mzima lilichipuka akiandaa somo kwa wanafunzi wasiosomea sayansi. Alimsoma Aristotle akashangaa: mtu mwenye akili vile anakoseaje hivi kuhusu mwendo? Kitabu chake cha wazo hilo, The Structure of Scientific Revolutions, kikatoka 1962.

Mimi rasimu humpa mtu asiye wa fani. Aya anayoirudia mara mbili, mara nyingi hoja yenyewe ndiyo mbovu. Makala ya jarida tanguliza, ya umma ifuate.