Akubu ya Jordan si mbaruti wa kwetu: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mboga ya miiba

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba dada yako amerudi kutoka Amman akisifia mboga ya miiba aliyokuwa akiipika huko, na kwamba nyuma ya ukuta wako hapo Nakuru umeota mmea wa miiba wenye ua la njano na majani yenye michirizi meupe. Unataka kujua kama ni mmoja, kama unalika, na kama ndio unaotoa vidonge vya ini vinavyouzwa madukani. Naanza na lililo la hatari: huo wa kwako usiuchemshe wala usiuonje. Vunja kikonyo chake. Ukiona utomvu wa njano, ni mbaruti, mgeni aliyetoka Mexico, na mbegu zake ni sumu. Mwaka 1998 mjini Delhi watu zaidi ya 60 walikufa baada ya kula mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu za mbaruti. Miguu ilivimba na moyo ukashindwa kazi.

Mboga ya dada yako ni akubu, kwa jina la kitaalamu Gundelia tournefortii, na utomvu wake ni mweupe kama maziwa. Mimi nimeijua kwa vidole. Nilifanya kazi za nyumbani Amman kwa miaka minne, katika nyumba ya bibi mmoja ambaye asili yake ni Nablus, mji wa Palestina, na kila ifikapo Machi gunia la akubu lilimwagwa juu ya magazeti sakafuni, nasi tukaketi na mikasi. Unashika kichwa cha mmea kwa ncha za vidole, unakata miiba ukizunguka kama anayemnyoa mtoto, unabakiza shina changa, vikonyo vya majani na vitumba vya maua ambavyo havijafunguka. Kilo tano zilizoingia jikoni zilitoka bakuli moja. Glavu hazisaidii sana, kwa sababu mwiba hupenya mpira na kukatikia ndani, na vidole hubaki na weusi siku mbili tatu hata ukivisugua kwa ndimu. Baada ya hapo bibi aliikaanga kidogo kwa mafuta ya zeituni, akaipika na nyama ya kondoo katika mchuzi wa mtindi. Iliyobaki ilifungwa kwenye mifuko ya plastiki ikaingia friza, na mgeni wa heshima akija Septemba ndiye aliyefunguliwa.

Makazi yake ni vilima vya mawe na nyika za Jordan, Palestina, Lebanon, Syria, Uturuki, Iraki na Iran, mahali ambapo mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi hakina hata tone. Mzizi wake huzama chini sana na huishi miaka mingi. Majani huchipua baada ya mvua, na kiangazi kikishaingia mmea mzima hukauka, hukatika usawa wa ardhi na kubiringishwa na upepo ukitawanya mbegu. Kwa hiyo mchumaji mwenye adabu hukata kwa kisu juu ya mzizi na kuuacha uchipue tena mwakani, ingawa vitumba vyote vikichumwa hakuna mbegu itakayoanguka. Uchumaji wa kupita kiasi ndio sababu iliyotolewa na Israel ilipouweka mmea huu katika orodha ya mimea inayolindwa mwaka 2005, jambo lililowaudhi sana Wapalestina, ambao kwao akubu ni chakula cha mababu.

Kuhusu kuupanda, nilijaribu mara mbili katika bustani ya bibi. Mara ya kwanza nilichimba mimea mitatu mlimani, mizizi ikakatika, na yote ikaoza. Mara ya pili nilipanda mbegu mwezi Novemba, baada ya kuzimenya ganda lake gumu kwa koleo, nikaziacha zipigwe na baridi ya ardhini. Zilichipua chache, na mwaka wa kwanza zilitoa majani tu yaliyolala chini. Anayetaka mavuno awe na subira ya miaka. Nakuru, isiyo na majira ya namna hiyo, sidhani itaridhika nayo, na mbegu kutoka nje zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, kabla hazijasafirishwa.

Vidonge vya ini hutokana na mmea wa tatu, Silybum marianum, wenye ua la zambarau na majani yenye michirizi meupe kama ya mbaruti, na nadhani hapo ndipo ulipochanganyikiwa. Dawa yake, silimarini, hutolewa katika mbegu. Akubu nayo husifiwa kwa ini na kisukari, lakini mimi niliiona mezani tu, sikumwona mtu aliyeacha vidonge vya daktari kwa ajili yake. Waturuki na Wakurdi huiita kenger. Utomvu wake ukiganda huutafuna kama ubani, na mbegu huzikaanga na kuzisaga wakapata kinywaji mfano wa kahawa.

Mbaruti wako ung'oe sasa, ukiwa umevaa glavu nene, kabla vibumba vyake vya mbegu havijapasuka. Mbegu ni nyeusi na ndogo, na zikiingia katika wimbi au mtama uliouanika hapo uani, hutaziona.