Mashine ya soda imevunjwa mara mbili: niongeze kufuli?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine mbili za kuuza soda na maji. Moja iko ndani ya hosteli Sinza, nyingine iko kwenye baraza la duka la dawa, karibu na kituo cha daladala Mwenge. Ya Mwenge imevunjwa mara mbili: wamekunja kona ya mlango kwa mtaimbo wakabeba kisanduku cha sarafu. Ya Sinza haijavunjwa, ila inapigwa mateke mpaka kioo kina ufa, na hesabu hazikai sawa. Niongeze kufuli la pili au nizungushie geti la nondo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Hayo ni matatizo mawili tofauti, hebu tuanze na la Mwenge.

Mwenye mtaimbo hahangaiki na kufuli. Anatafuta upenyo kati ya mlango na bodi la mashine, upande wa komeo, anachomeka ncha bapa na kubinya. Ukiongeza kufuli, bati la mlango litakunjika pembeni yake na kufuli litabaki limefungwa vizuri kabisa. Kinachotakiwa ni chuma cha engo cha unene wa milimita 3 au 4, urefu wote wa ukingo wa mlango, kifunike ule upenyo mlango ukifungwa. Usikubali fundi akichomelee mashine ikiwa nzima. Kuta zake zina povu la kuzuia joto ambalo hushika moto, mashine nyingi mpya hutumia gesi ya kupoza kama R290 au R600a ambazo nazo huwaka, na umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza bodi ya saketi. Atoboe kwenye mlango tu, afunge kwa bolti za kichwa cha mviringo, nati zibaki ndani.

Geti la nondo sawa, lakini liache hewa ipite. Kwa joto la Dar, ukiibana mashine ukutani utakuwa umewazuia vibaka ukaiua kompresa mwenyewe. Na uifunge sakafuni kwa bolti za zege, hata kama ni nzito. Marekani, kati ya 1978 na 1995, walihesabu vifo 37 vya watu walioangukiwa na mashine hizi, wengi wakiwa wanazitikisa.

Ila kwa maoni yangu, dawa kubwa ni kutolaza hela humo. Toa sarafu kila jioni duka linapofungwa, kisanduku kiache wazi, na ubandike karatasi: USIKU HAINA HELA. Baadaye hamia kwenye malipo ya simu. Angalia kama bodi ya saketi ina tundu la MDB. Hapo ndipo panapochomekwa kisoma sarafu, kisoma noti na kifaa cha malipo kisichohitaji sarafu.

Sasa Sinza. Mateke ya hosteli kwa kawaida ni ya wateja: mtu katumbukiza mia tano, soda imening'inia, hana wa kumuuliza. Bandika namba ya simu kwa maandishi makubwa, na anayelalamika mrudishie kwa M-Pesa siku hiyohiyo bila mabishano. Kioo badilisha kwa polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayoonyesha. Usafishe kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, maana huchubuka haraka.

Hesabu zisizokaa sawa ni habari nyingine, na hapo mtaimbo haupo. Ufunguo uliokuja na mashine mara nyingi hufungua nyingine za kiwanda hichohicho, kwa hiyo badilisha silinda ya kufuli. Halafu soma kaunta ya mauzo iliyo ndani ya mashine, ile isiyorudishwa sifuri, kila unapotoa sarafu, ulinganishe. Anayejaza soda asiwe ndiye anayehesabu hela, hata kama ni binamu yako.

Zile picha za mlango wa Mwenge uliokunjwa usizifute. Zipeleke polisi ukachukue RB, na kama una bima ya wizi, kampuni itataka kuona alama za kuvunja kabla fundi hajanyoosha bati.