Msasa Usubiri: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Sakafu za Mianzi

*Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: sakafu ya mianzi imeharibika, je, tuikwangue? Tumechagua sita.*

Hamjambo mafundi. Sebule yangu hapa Nyali ni mita nne kwa tano, na sakafu ya mianzi ina miaka sita. Mlangoni na mbele ya kochi imefifia na kujaa mikwaruzo, ila hakuna palipovimba. Fundi anataka kuleta mashine aikwangue yote hadi mwanzi mtupu. Nimruhusu? – Msomaji, Mombasa

Mwambie asubiri. Kiwandani mwanzi hupakwa tabaka kadhaa za vanishi inayokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, na mara nyingi vanishi hiyo huchanganywa na chembe za oksidi ya aluminiamu. Chembe hizo ndizo zilizobandikwa kwenye msasa mwingi wa dukani. Fundi anayeanza na mashine anasugua msasa kwa msasa: ukanda unakuwa butu mapema, unapata moto, naye anazidi kuukandamiza. Gamba la vanishi likiachia ghafla, mashine inachimba bonde kwenye mwanzi, na bonde hilo halifichiki kwa vanishi yoyote.

Anza kwa kujua una mwanzi gani. Ng'oa kipande cha skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, au ule ukingo wa chuma wa mlangoni, utazame ubavu wa ubao. Vipande bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, na alama pana za pingili zikionekana juu, ni mwanzi wa kulaza. Vijiti vyembamba vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu ni mwanzi wa kusimamisha. Ukiona nyuzinyuzi zilizoshonana bila mpangilio, nzito na zimeshiba gundi, huo ni mwanzi wa kushindiliwa, mgumu kupita mvule na mninga. Pima na unene. Ubao wa mwanzi mtupu wa milimita 14 una nafasi ya kukwanguliwa. Ule wenye tabaka jembamba la mwanzi, milimita 2 hivi, juu ya mbao nyingine, usiuwekee kabisa mashine nzito.

Kisha dondosha matone ya maji pale palipofifia. Yakikaa kama shanga kwa dakika tano, vanishi bado ipo na unachohitaji ni kuikwaruza kidogo na kupaka upya. Yakinywewa na kuacha doa jeusi, hapo mwanzi uko wazi.

Tuchukulie vanishi ipo. Futa kona moja kwa kitambaa cheupe chenye waiti spiriti. Kikitoka na uchafu wa mafuta wa manjano, nyumbani hutumika polishi ya nta au ya silikoni, na vanishi mpya itajikunja na kuacha vijicho kama mafuta juu ya mchuzi. Safisha sakafu yote kwa waiti spiriti, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka, madirisha yakiwa wazi na jikoni pasiwe na moto. Halafu fanya jaribio nyuma ya mlango: sugua eneo la sentimita 30 kwa 30 kwa msasa namba 150, paka vanishi, acha saa 24, kisha kwaruza kwa ukingo wa sarafu. Ikibanduka kama ganda, unahitaji praima ya kushikisha kabla ya vanishi. Jaribio hili mafundi wengi huliruka, nasi tunalihimiza kuliko jingine lolote.

Kazi yenyewe hufanywa kwa mashine ya kuzunguka iliyofungwa msasa wa wavu namba 120, halafu 150, mpaka mng'ao wote ugeuke weupe wa chaki. Pembeni sugua kwa mkono. Usitumie pamba ya chuma, kwa sababu vipande vyake hubaki na kuota kutu chini ya vanishi ya maji. Fyonza vumbi, pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, acha pakauke.

Tumia poliyurethani ya maji. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja; sebule yako ni mita 20, mikono miwili ni lita 4, nunua kopo la lita 5. Paka kwa rola ya nyuzi fupi kufuata urefu wa mbao, feni ikiwa imezimwa, na usirudi kwenye sehemu iliyoanza kukauka. Kopo litaandika saa mbili au tatu kati ya mkono na mkono, lakini kwa hewa ya Pwani ngoja zaidi. Kipimo ni msasa namba 220: ukitoa unga mweupe, endelea, ukiganda, bado. Tembea na soksi baada ya saa 24, rudisha kochi siku ya tatu kwa kulibeba bila kuliburuta, na zulia lisubiri wiki mbili.

Ikiwa matone yalinywewa sehemu kubwa, basi ndipo mashine iingie: namba 60, kisha 80, umalizie na 120, daima kufuata urefu wa ubao. Namba 36 ambayo mafundi wamezoea kutumia kwenye mbao za msituni hung'oa nyuzi za mwanzi na kuacha vibanzi vinavyochoma miguu.

Shikamooni. Tuko Mbezi Beach. Tangu masika yaanze, katikati ya chumba sakafu imeinuka kama kilima, ukiikanyaga inashuka na kurudi. Jikoni nako kila ubao umeinuka kingo. Mume wangu anataka kuipiga misumari. – Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam

Marahaba, mama. Misumari aiweke kando. Haya ni maradhi mawili tofauti.

Kilima cha chumbani ni sakafu iliyokosa pa kutanukia. Mwanzi huvuta unyevu wa hewa na kupanuka, hasa kwa upande wa upana wake. Ng'oeni skatingi pande zote mtazame. Bila shaka mtakuta mbao zimegusa ukuta mahali fulani, au fremu ya mlango, au kabati la ukutani limefungwa juu ya sakafu na kuibana. Kateni ukingo mpaka pawe na nafasi ya milimita 12 kuzunguka chumba kizima, kisha rudisheni skatingi ikiwa imepigiliwa ukutani, isishike sakafu. Kilima hushuka chenyewe, pengine kwa siku kadhaa, na mifuko michache ya mchanga juu yake itasaidia.

Kingo zilizoinuka jikoni ni dalili kwamba tumbo la ubao limelowa kuliko mgongo. Maji yanatoka chini. Angalieni bomba la sinki na mpira wa mashine ya kufulia. Kama hakuna kinachovuja, pimeni zege: toeni mbao mbili tatu, bandikeni nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, mfunge kingo zote kwa gundi ya utepe, mwache usiku na mchana. Mkikuta matone chini ya nailoni au zege limekuwa jeusi, sakafu ililazwa bila kizuizi cha unyevu, na kukausha peke yake hakutatosha. Itabidi ing'olewe na kulazwa upya juu ya nailoni nzito, maungio yakipishana sentimita 20.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kuzikwangua kingo hizo zikiwa bado zimeinuka. Sakafu itaonekana tambarare kwa mwezi mmoja. Ubao ukishakauka unarudi chini, kingo zilizokatwa zinakuwa mabonde, na sasa kila ubao una kinundu katikati. Subirini. Mkiwa na kipima unyevu cha mbao, msiamini namba yake moja kwa moja, kwani kimetengenezwa kwa mbao za miti na gundi ya mwanzi hukipotosha. Pimeni jikoni na pimeni chumba chenye afya, mlinganishe. Tofauti ikifika asilimia 2 au chini, angalieni tena. Mara nyingi hakuna cha kukwangua.

Nina sakafu ya rangi ya asali nataka iwe kahawia iliyokolea. Nitumie rangi gani? – Arusha

Rangi ya kunywewa haikubali vizuri kwenye mwanzi. Ule wa kushindiliwa umejaa gundi, na katika aina nyingine pingili hunywa tofauti na sehemu zilizobaki, hivyo unapata mabaka. Kahawia ya dukani hutokana na kuupika mwanzi kwa mvuke na joto hadi sukari yake iungue, rangi inapenya hadi ndani, ila hasara yake ni kwamba mwanzi unakuwa laini zaidi. Nyumbani unaweza kupaka vanishi yenye rangi ndani yake, lakini kila mkwaruzo utaonyesha asali chini. Sisi tungeiacha ilivyo na kununua zulia.

Pasi iliangukia sakafu na kuacha alama nyeusi kwenye ubao mmoja. Mwanzi ni wa kushindiliwa, milimita 14, umegundishwa kwenye zege. Je, lazima ning'oe chumba kizima? – Nairobi

Hapana. Kwangua kwanza kwa wembe mpya. Weusi ukiisha ndani ya milimita moja, jaza kwa nta ngumu ya kurekebishia mbao ya rangi inayolingana na upake vanishi juu. Ukizidi hapo, badilisha ubao.

Weka kina cha msumeno wa duara milimita 14 kamili. Kata mistari miwili kwa urefu, kila mmoja milimita 25 kutoka ukingoni, ukisimama kabla ya kufika miisho. Malizia kwa patasi. Ng'oa kipande cha kati, kisha vuta vya pembeni kuelekea katikati ili visivunje ulimi wa majirani, ule ukingo uliochomoza na kuingia kwenye mfereji wa ubao unaofuata. Kwangua gundi yote ya zamani, maana uvimbe wa milimita moja utauinua ubao mpya juu ya wenzake.

Kwenye ubao mpya, kata mdomo wa chini wa mfereji, ubavuni na kichwani. Ingiza ulimi kwanza, kisha shusha upande wa pili. Paka gundi ya poliyurethani kwenye zege na kwenye ulimi, futa inayotoka kabla haijakauka, kandamiza kwa ndoo mbili za mchanga kwa saa 24.

Ubao wa dukani hautalingana na wako uliopigwa jua miaka mingi. Kama una moyo wa kufanya kazi mara mbili, toa ubao wa chini ya kabati uulete hapa, na ule mpya uupeleke kabatini.

Kuna unga mweupe kama wa muhogo na vitobo vidogo kwenye mbao za dirishani. Ni mchwa? – Zanzibar

Mchwa hujenga njia za udongo. Unga laini na vitobo vya mviringo ni kazi ya kipekecha wa mianzi, mdudu mweusi wa milimita 3 anayefuata wanga ndani ya mwanzi. Fagia, bandika karatasi nyeupe juu ya vitobo, ngoja wiki mbili. Ikitobolewa, bado wamo.

Dawa haipenyi vanishi. Kwangua sehemu hiyo hadi mwanzi mtupu, koroga gramu 200 za asidi ya boriki na gramu 300 za boraksi katika lita 10 za maji ya moto, vaa glavu, weka watoto mbali. Paka kwa brashi mara mbili bila kufurisha, na kwa kila kitobo ingiza kwa bomba la sindano. Ikikauka kabisa, pangusa chumvi iliyobaki juu, sugua kwa namba 120, kisha vanishi. Ubao unaobonyea kwa kidole usitibiwe, toa uuchome.

Huku Maskati kiyoyozi hakizimwi miezi mitano, na kati ya mbao pametokea nyufa. Nijaze puti? – Oman

Usijaze. Kiyoyozi kimekausha hewa na mbao zimesinyaa. Ukiweka puti ngumu sasa, siku utakapokizima na kusafiri, unyevu wa bahari utazirudisha, puti itapasuka au sakafu itainuka kama ya Mbezi. Ufa wa milimita moja ni wa kawaida. Nunua kipimo cha unyevu wa hewa, ukae kati ya asilimia 40 na 60, na unaposafiri acha kiyoyozi kwenye nyuzi 27 badala ya kukizima.