"Had" na familia zilizotukimbia Sake

Wadogo zangu mnaoanza kazi za ripoti hapa Goma, nianze somo hili la "had" ya Kiingereza na aibu yangu. Volkano ya Nyiragongo, jirani na mji wetu, ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Wengi walishika njia ya Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma. Siku zilizofuata nikatumwa kutembelea familia, nikaandika kwa Kiingereza: "When we arrived, the families left." Mkubwa wangu aliisoma akiwa Nairobi, akanipigia simu: "Kwani mliwafanya nini hata wakaondoka?"

Mimi nilitaka kusema tulikuta patupu. Yeye alisoma kwamba watu walituona, wakakimbia. Ilipaswa kuwa "the families had left", basi.

Kinachotuponza ni Kifaransa cha shule. Kwa kuwa "j'ai mangé hier" ni sahihi, tunaandika "I have eaten yesterday". Tukikosolewa, tunarukia "I had eaten yesterday", nako tumekosea tena, maana hakuna tukio la pili la kuegemea. Mtu aliyekula jana tu ni "I ate yesterday". "Had" inataka matukio mawili yaliyopita, moja likiwa limetangulia jingine.

Dawa mnayo mdomoni. Sema sentensi kwa Kiswahili kwanza. "Tulipofika, waliondoka": "left". "Tulipofika, walikuwa wameshaondoka": "had left". Nasisitiza hiyo "-sha-", kwa sababu bila hiyo Kiswahili chenyewe kinaweza kukutega. "Alikuwa amelala" mara nyingi ni "he was asleep", na "alikuwa amevaa koti" ni "he was wearing a coat". Hapo hakuna "had" yoyote. Ukiweza kupachika "-sha-" na maana uliyoikusudia ikabaki ileile, andika "had" bila woga.

Habari inayokwenda kwa "-ka-" haihitaji "had". Mlima ukalipuka, tukachukua watoto, tukavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda: "The volcano erupted, we took the children and we crossed to Gisenyi." Msimulizi anakwenda mbele tu. Nimeona ripoti za vijana zenye "had" kumi na mbili katika ukurasa mmoja. Msomaji anahisi kama anatembea kinyumenyume.

Unaihitaji pale unapogeuka nyuma. "In 2021 people were afraid because in 2002 the lava had reached the lake." Unasimulia hofu ya 2021, unarudi kidogo 2002. Na ona, "had" imekubali kukaa na mwaka, jambo ambalo "have" haiwezi: "the lava has reached the lake in 2002" itarudishwa na wino mwekundu.

Kwenye "before" na "after" msijisumbue sana. "After the lava stopped, we returned" inatosha, kwa kuwa neno lenyewe limeshapanga nani alitangulia. Kwenye "when" ndiko mtu anakoumia, kama nilivyoumia mimi.

Halafu baada ya "had" ni umbo la tatu la kitenzi: "had gone", si "had went". Hapo hakuna ujanja, ni kukariri. Orodha yangu niliibandika ukutani juu ya ndoo ya kunawia, na mke wangu akaikariri kabla yangu.