Spika ndani ya kaske: acheni kuchimba frigoliti

Swali: Jambo papa fundi. Napeleka dawa kwenye famasi za Goma na Sake, kila siku niko juu ya pikipiki. Wakubwa wa kazi wananipigia kila saa, kwa hiyo nataka kaske, helmeti ya pikipiki, yenye Bluetooth. Nina dola 120. Pale Birere nimeonyeshwa moja ya dola 45, spika zimo tayari, na nyuma ina stika ya DOT. Rafiki yangu anasema ninunue kaske ya kawaida, nimpe fundi wa redio aitobolee nafasi ya spika. Yeye alifanyiwa hivyo na sauti ni safi. Mwuzaji naye ananishauri nichukue saizi kubwa kidogo, spika zisije zikaniumiza masikio. Nimsikilize nani? Msomaji, Himbi.

Jibu: Kijana wangu, hapo hakuna wa kusikilizwa. Wa kwanza kumkimbia ni huyo fundi wa redio, maana kazi zake zinaishia mezani kwangu. Wiki haipiti bila mtu kuniletea kaske iliyochimbwa, analalamika kwamba spika ya kushoto imekata. Natoa sifongo ya shavuni, namulika ndani kwa telefone, nakuta shimo la kulaza yai. Limeyeyushwa kwa kile chuma cha moto cha kuunganishia nyaya, kingo zake zimekuwa za kahawia, bado linanuka kuungua, na katikati yake spika imegandishwa kwa kole. Mwenyewe anataka nimrudishie muziki. Mimi nataka kumuuliza ana watoto wangapi.

Tatizo ni kwamba watu wa mji huu wanaamini kinachookoa ni ganda la nje. Wanaligonga kwa mpini wa turnavisi, likilia ko! ko! wanasema hii ni nguvu, hii ni kaske. Ganda lina kazi yake, sikatai: linatawanya pigo lisitue mahali pamoja, linazuia jiwe la ncha lisipenye, linateleza barabarani badala ya kunasa. Lakini anayepokea pigo lenyewe ni ile frigoliti iliyo chini ya ganda, ndugu yake ile inayozunguka televisheni mpya kwenye katoni, ila hii imeshindiliwa zaidi. Kazi yake ni kupondeka. Ikipondeka, kichwa kinapata nafasi ya kusimama badala ya kugota.

Fanya hesabu pamoja nami. Kwenye vipimo vya Ulaya, kaske iliyovishwa kichwa cha bandia hugongeshwa kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilometa 27 kwa saa. Ni kama kuiachia ianguke kutoka karibu mita 3. Kichwa kikisimama ndani ya sentimita 3 za frigoliti, kwa wastani kinabeba mara 95 hivi ya uzito wake. Zikibaki sentimita 1, kinabeba zaidi ya mara 280. Na kanuni ileile ya Ulaya inaikataa kaske ikivuka 275, tena 275 ya kilele, si ya wastani. Sasa spika ya kawaida ina upana wa sentimita 4 na unene unaokaribia sentimita 1. Aliyekuchimbia nafasi yake amekunyang'anya sentimita hiyo, jirani na panja, mahali ambapo mfupa wa kichwa ni mwembamba. Halafu akapanga hapo sumaku na plastiki ngumu.

Usiniambie mjini hatukimbii. Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki iliyosimama kiko kama mita 1 na nusu kutoka chini. Akianguka ubavu, bila mwendo wowote, kinaweza kufika chini kwa karibu kilometa 20 kwa saa. Na chini kwetu ni wapi? Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, na mpaka leo kuna mitaa tunaendesha juu ya mgongo wake. Wanaopima kaske wana vyuma viwili vya kugongea, kimoja bapa, kingine kimechongwa kama ukingo wa barabara. Hicho cha pili ndicho binamu wa mawe yetu.

Kuna na wale wanaosema hawachimbi, wanabandika tu. Mteja wa namna hiyo namfanyia jambo moja. Namega kipande cha frigoliti kutoka kaske mbovu, natia esansi, petroli ya pikipiki, kwenye kifuniko cha chupa, nakitumbukiza. Kinatoa vipovu, kinanywea, na kabla hajamaliza kusema "eh!" kimekuwa ute, kama kamasi, chini ya kifuniko. Kole nyingi za dukani na rangi nyingi za kupuliza zina maji ya ukoo huohuo wa esansi. Motari anayesafisha jasho la kaske kwa kitambaa chenye esansi, na yule anayeipulizia rangi ya timu yake, wote wawili wanaila kinga yao bila kuona. Sabuni ya kuogea na maji ya vuguvugu vinatosha kabisa.

Na kinachonikasirisha kuliko yote ni kwamba kuchimba hakuleti hata hiyo sauti wanayoitafuta. Spika ndogo hizi zinategemea kukaa karibu na tundu la sikio, tena usawa wake kabisa. Isogeze sentimita moja tu nyuma au juu, besi inatoroka na sauti inabaki ya redio ya zamani. Sasa mtu anasikia sauti hafifu, anachimba, spika inazama ndani, inakuwa mbali zaidi na sikio, sauti inafifia zaidi, anapandisha volumu hadi mwisho, na nyaya zinakatika kwenye kona ya shimo. Hapo ndipo ananikumbuka mimi. Dawa yake ilikuwa vipande viwili vya velkro, ule utepe wa kunatana. Vaa kaske, paka chaki kidogo kwenye sikio, vua, angalia chaki imegusa wapi: hapo ndipo katikati ya spika panapokaa. Ikiwa bado iko mbali, weka velkro ya pili nyuma yake isogee mbele, isifike kugusa sikio. Dakika kumi, bila kisu.

Kwa hiyo unachotafuta ni kaske ambayo kiwanda chenyewe kimeacha mfuko wa spika. Toa kitambaa cha shavuni uangalie: utaona duara la kina kifupi, kingo laini, kulia na kushoto sawasawa, limetoka kwenye kalibu pamoja na frigoliti. Kaske hiyo ilipimwa ikiwa na mifuko yake. Kifaa chenyewe cha Bluetooth kinunue pembeni, kile kinachobanwa kwa kibanio kwenye ukingo wa chini, upande wa kushoto, betri ikiwa nje ya ganda. Nyaya zipite kati ya kitambaa na frigoliti. Kama kuna mtu anataka kutoboa tundu ili apitishe waya, nyanyuka uondoke na kaske yako.

Ya dola 45 iache Birere. DOT ni alama ya usalama ya Marekani, na huko kiwanda hujithibitishia chenyewe. Serikali baadaye huzinunua baadhi sokoni na kuzipima, na mwongo anaweza kunaswa. Hapa kwetu hakuna anayenunua kaske ili ampime mwongo. Stika zenyewe nimeona zikiuzwa kwa bunda, unaweza kuibandika hata kwenye ndoo. Mimi huanzia kwenye mkanda wa kidevu: kitambaa kilichoshonwa, chenye E ndani ya duara, alama ya kanuni ile ya Ulaya, na namba ya nchi iliyotoa kibali, 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia. Chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Hiyo 06 ndiyo kanuni mpya zaidi; imeongeza kipimo cha pigo la mshazari, lile linalozungusha kichwa, na inapima hata vifaa ambavyo kiwanda kimekusudia vifungwe kwenye kaske. Ndiyo bora kwa mtu anayetaka sauti. Kisha tazama herufi. J ni kaske iliyo wazi usoni. P ni yenye kidevu kinacholinda. NP ina kidevu, lakini kidevu hicho ni pambo, na hizo za kufunuka zenye spika tayari ndizo zinazohitaji kuangaliwa herufi hiyo kwa makini. Kitambaa nacho hughushiwa, kwa hiyo malizia kwa kidole: penyeza gumba chini ya bitana ubonyeze. Ukikuta sifongo laini moja kwa moja mpaka gandani, hiyo ni kofia.

Kuhusu saizi kubwa, mwuzaji anataka kumaliza stoki. Sifongo ya shavuni hulegea yenyewe kwa kuvaliwa, kwa hiyo kaske mpya inabidi ikubane mashavu kama mama mkubwa aliyekumiss. Funga mkanda, mwambie mtu aivute kwa nyuma kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, si yako. Masikio yakiuma, kosa ni la mfuko wa spika usio na kina, badilisha modeli, si saizi.

Katika dola zako 120, peleka 85 au 90 kwenye kaske. Kitakachobaki kinunue kifaa rahisi cha Bluetooth. Kisiwe na mambo mengi, ila kivumilie mvua. Volumu iwe ya kukuacha usikie honi ya lori lililo nyuma yako kwenye barabara ya Sake. Na wakubwa wako wakipiga, sikia nani anapiga, toka pembeni, simama, ndipo uongee. Famasi haitahama.

Ningekuwa naandika kwa ajili yako peke yako ningeishia hapo, lakini ugonjwa huu umeenea. Kuna mafundi siku hizi wanaoziba mashimo kwa sifongo ya godoro na kubandika kitambaa kipya juu, kisha kaske inaingia sokoni kama okazi safi, yaani mtumba mzima. Wengine wanajaza lile povu la kupuliza la kuzibia madirisha, ambalo halijui lolote kuhusu kichwa cha mtu. Ukinunua kaske ya okazi huoni frigoliti iliyokwisha kupondeka, kwa sababu ganda linaweza kung'aa huku chini yake kumekwisha. Wanaoumia zaidi ni abiria, kwani motari huvaa iliyo nzima na kumpa mteja ile iliyofanyiwa majaribio yote ya mtaani. Mama anavaa, anafunga mtoto mgongoni, anaamini amelindwa.

Rafiki yako mlete garajini. Kaske yake haina matengenezo, nisimdanganye, na asithubutu kumwachia mdogo wake. Spika nitazitoa bila malipo azihamishie kwenye mpya. Ile ya zamani nitaikata mikanda hapohapo mbele yake, maana nikiitupa nzima, keshokutwa nitaiona Ndosho juu ya kichwa cha abiria.