Springi za mbele za mkonga: nilizibadilisha nyumbani, tena mara mbili

Jumapili nikitoka kanisani nilikuta ujumbe kwenye simu. Kijana mmoja wa Mlimba, hatujawahi kuonana. "Shikamoo kaka. Nimesikia springi za mbele za mkonga wako ulibadilisha mwenyewe nyumbani. Wa kwangu umelala upande wa dereva, nikiingia kwenye shimo unagonga kama nyundo. Fundi anataka laki nne ya kazi tu, spea mbali. Naweza mwenyewe au nitajiua?"

Marahaba, mdogo wangu. Unaweza. Hilo neno la kujiua nimeshalisikia kabla yako, nitalifikia. Nimeona nikujibu hapa hadharani kwa sababu wenye mikonga huku bondeni Kilombero tuko wengi, na najua hakuna kati yetu asiyetamani siku moja kuachana na benchi la gereji.

Kwa asiyejua, mkonga ni Land Cruiser pikapu, ile yenye bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Wangu ni wa mwaka 2009, injini ya 1HZ, niliununua mnadani baada ya mradi mmoja kufungasha virago. Ulikuja na bampa la chuma la mbele ambalo wanaume wawili wanalinyanyua kwa kuhema. Nililipenda sana lile bampa. Sikufikiria kwamba mzigo wa mpunga unashushwa jioni gari likapumzika, ila bampa halishuki. Springi za mbele zinalibeba mchana na usiku, gari likiwa barabarani na likiwa limelala uani.

Ukaanza kulala upande wa kulia taratibu. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Alisema, "Baba Neema, gari lako linachechemea." Nikabisha.

Sasa nieleze kilichoniuma. Nilipeleka kwa fundi niliyemwamini miaka mingi. Hakufungua kitu. Alichukua vipande viwili vya mpira mnene akavipachika katikati ya mizunguko ya springi, gari likanyanyuka, akachukua hela yake. Kwa siku kumi nilitamba. Lakini springi inafanya kazi kwa kujikunja mizunguko yote kwa pamoja. Ukiziba mizunguko miwili kwa mpira, iliyobaki inabeba kazi ya yote. Nilipokuwa natoka Lupiro kupanda Mahenge nikasikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja ukuni kavu chini ya miguu yangu. Mzunguko wa juu kabisa ulikuwa umekatika.

Nikarudi kwa fundi yule yule, ndiyo, mimi mjinga. Akaniambia ana springi mpya. Zilikuwa zinang'aa nyeusi, nzuri kuzitazama. Nikalipa. Miezi mitatu baadaye gari likawa chini kuliko mwanzo. Nikaingia chini na msumari, nikakwangua rangi. Ndani kulikuwa na kutu ya zamani, yenye vishimo. Alikuwa amechukua springi chakavu, akapiga msasa juu juu na rangi ya kopo, akaniuzia mimi, mtu aliyekula harusini kwake. Sijarudi. Tukikutana sokoni tunasalimiana, basi.

Ndipo nilipoapa. Nikaagiza springi Dar, mitaa ya Gerezani, kupitia kwa binamu yangu anayejua kutofautisha spea na uchafu. Zikaja kwa basi, zimefungwa gunia. Nilipozipanga chini niliona moja ndefu kuliko mwenzake, kama sentimita moja. Nikadhani tumepigwa tena. Nikampigia binamu kwa sauti ya juu. Kumbe karatasi ndani ya boksi ilieleza: ile ndefu ni ya upande wa dereva, kwa sababu upande huo una uzito zaidi. Nikaomba radhi. Kumbuka jambo hili la ndefu na fupi, litarudi.

Kabla hujagusa nati, pima. Chukua futi ya fundi seremala, simamisha gari sehemu tambarare, pima kutoka katikati ya tairi kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Mimi nilipata 45 kulia na 48 kushoto. Andika ukutani kwa chaki. Bila vipimo hutajua kama umetengeneza au umebahatisha.

Halafu nunua stendi, vile vyuma vya miguu vya kushikilia gari likiwa juu. Narudia, nunua stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Siku ya kubadilisha springi, jeki yangu ya chupa ilishuka yenyewe wakati tunakunywa chai, polepole, oili ikivuja pembeni ya mpira wake, na hakuna aliyeona mpaka mpwa wangu akasema, "Mjomba, mbona difu limeshuka?" Difu ni lile bonge la gia katikati ya matairi, jeki ilikuwa chini yake. Chasisi, yaani fremu ya gari, haikutikisika kwa sababu ilikuwa imekaa juu ya stendi mbili za tani tatu tatu. Kama ningeweka matofali kama nilivyoshauriwa, leo ujumbe wako ungejibiwa na mjane. Tofali halikuonyi. Linapasuka mara moja.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuja asubuhi ile akavuta kiti chini ya mwembe akakaa kutazama kama amekuja mpirani. "Shemeji, utajiua," akasema. Alisema mara tatu kabla ya saa nne. Mimi na mpwa wangu tukaendelea.

Tuliweka kabari nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Tukalegeza nati za matairi ya mbele gari likiwa bado chini, tukanyanyua, tukaweka stendi chini ya chasisi, si chini ya ekseli, ule mhimili unaounganisha matairi mawili. Ukiweka chini ya ekseli hutatoa springi mpaka kiama, maana ekseli ndiyo inayotakiwa kushuka. Jeki ikabaki chini ya difu, kazi yake ni kushusha ekseli taratibu. Nati zote tulikuwa tumezilowesha oili usiku uliotangulia. Hata hivyo nati ya chini ya shokapu (wazee wanaita shokomzoba) ya kulia ilitugomea saa nzima. Tulichomeka bomba la chuma kwenye spana, mpwa akaning'inia, ikalia "kraa" na kutu nyekundu ikamwagika kama pilipili ya unga. Nati ile sikuirudisha. Nunua mpya, bei yake ni ya soda.

Mkitoa shokapu pande zote mbili na viungo vya stabilaiza (rodi inayozuia gari lisilale kwenye kona), ekseli iko huru. Hapa ndipo nilipokaribia kuharibu. Nilikuwa nashusha jeki huku macho yangu yako kwenye springi, kila mtu macho yako kwenye springi, na paipu ya breki ya mpira ikawa imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Sentimita mbili zaidi ingechanika kwa ndani bila kuonekana kwa nje, nami ningekuja kujua nikiteremka Mahenge. Nikasimamisha, nikafungua bolti dogo linaloshikilia paipu kwenye chasisi, ikapata nafasi. Ukishusha, tazama paipu. Springi itatoka tu, paipu ndiyo ya kuonea huruma.

Ikatoka. Nilitarajia iruke kama watu wanavyosimulia vijiweni. Haikuruka. Kwenye mkonga, ekseli ikishuka hadi mwisho springi ya kawaida inabaki imelegea karibu yote. Inataka tu usukume ekseli chini kidogo kwa mguu au kwa bomba, halafu unaivuta kama unavyotoa sufuria kabatini. Niliishika mikononi, ile ya rangi ya kopo, nikamgeukia shemeji. Hakusema kitu. Alikuwa anachokonoa meno.

Ngoja nisimame hapa niwaambie wenye magari mengine, tena kwa msisitizo. Kama una Hilux Vigo, Ranger, Navara au D-Max ya karibuni, habari yako si hii. Kwenu springi imevikwa juu ya shokapu na imebanwa kwa nguvu hata ikiwa nje ya gari. Ile nati ya katikati juu ukiifungua bila kibana springi, inakuja usoni. Wewe fungua shokapu nzima na springi yake nyumbani, ipeleke mjini kwa mwenye mashine ya kubana, akubadilishie, urudi kufunga mwenyewe. Si aibu. Nami ningefanya hivyo hivyo.

Tuendelee. Kabla ya kuweka mpya, kagua mpira wa juu ambao springi inaukalia. Wangu mmoja ulikuwa umeliwa nusu, ndiyo uliokuwa unalia, nami miaka yote nilikuwa nalaumu kitu kingine. Halafu tazama ncha ya chini ya springi. Kikalio chake kwenye ekseli kina ngazi ndogo, na ncha inatakiwa kugusa ngazi ile. Niliingiza kidole nikapapasa, kulikuwa na nafasi ya kupitisha kalamu. Nikazungusha springi kwa mikono miwili mpaka kidole hakipiti. Usipofanya hivyo, springi itajizungusha yenyewe barabarani, utasikia "tang" ukadhani umevunja kitu.

Upande wa kushoto siusimulii, ni yale yale na jua lilikuwa kali zaidi.

Saa kumi jioni gari likawa chini kwa miguu yake. Nikapima. Kulia 49, kushoto 52. Nikapima tena. Gari lote limepanda vizuri, lakini bado linachechemea upande ule ule! Shemeji akasogeza kiti karibu. Nilirudi kwenye boksi, nikachukua karatasi, nikasoma, nikakaa chini. Wakati wa kufunga, mpwa aliniletea springi na mimi nikapokea bila kutazama alama. Ndefu ilikuwa kushoto. Fupi kwa dereva. Mimi niliyempigia kelele binamu kwa ajili ya tofauti ile ile.

Ningeweza kuliacha. Watu wengi wangeliacha. Usiku ule sikulala vizuri, na Jumapili, kanisani sikwenda, nikafungua kila kitu upya. Safari hii tulitumia saa tatu tu, maana nati zilikuwa zimeshanijua. Kulia 50, kushoto 50 na nusu. Shemeji hakuja siku hiyo, na hilo linaniuma mpaka leo, kwamba aliona kosa hakuona marekebisho.

Jambo ambalo fundi wangu hajawahi kunifanyia hata mara moja: bolti za mikono ya ekseli na ile rodi ya kukingama inayotoka kwenye chasisi kwenda upande wa pili wa ekseli, kama umezilegeza, usizikaze gari likiwa juu. Shusha gari chini, litikise, ndipo ukaze. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi, ile mipira ya kwenye viungo, zinashikwa zikiwa zimejisokota, na zitakufa mapema. Na kwa kuwa rodi ile haiongezeki urefu, gari likipanda ekseli inasogea kidogo pembeni. Usukani wangu nao ulikaa umepinda. Nilikwenda Morogoro kufanya alaimenti, na taa za mbele nikaziinamisha, zilikuwa zinamulika popo. Baada ya wiki kaza nati zote upya. Na stendi, usisahau stendi.

Vijana, niseme ukweli mnisamehe. Tumezoea kumkabidhi fundi funguo na kwenda kuagiza chipsi. Tunarudi, tunalipa, hatuulizi kilichotoka wala kilichoingia. Kisha tunalalamika kuibiwa. Nani asingekuibia? Mafundi waaminifu wapo, tena wengi, na wao ndio wanaoumia zaidi kwa uvivu wetu, maana mteja asiyejua kitu hawezi kumtofautisha mkweli na kanjanja, anakwenda kwa wa bei ya chini. Kaa pale. Uliza. Omba spea ya zamani urudi nayo nyumbani. Fundi akikasirika kwa swali, hiyo ndiyo risiti yako. Mimi nimelipa ada ya shule hiyo kwa springi jozi mbili na safari moja ya Mahenge niliyorudi nayo kwa mwendo wa konokono, usipende kulipa tena ada niliyokwisha kulipa mimi.

Springi za rangi ya kopo ninazo bado. Moja inazuia geti lisijifunge kwa upepo. Wateja wa mpunga huwa wanauliza, nami huwa nawaeleza, wengine mara mbili.

Mdogo wangu wa Mlimba, njoo Jumamosi na springi zako, usinunue kabla hujanitumia picha ya alama zake. Jeki ninayo, imebadilishwa mpira. Stendi shemeji alikuja kuziazima juzi, anasema Noah yake inagonga mbele. Nimemwambia ziwe zimerudi Ijumaa jioni.